Uigizaji wa Kompyuta na Uundaji wa Vyombo vya Umma: Nani Anaandika Kanuni za Mchezo?

TATIZO LENYEWE

Katika miaka ya karibuni imezuka rai miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu, na hata miongoni mwa makada vijana, kwamba chombo kipya cha wananchi kisianzishwe kabla hakijajaribiwa ndani ya kompyuta. Chombo hicho kinaweza kuwa chama cha ushirika, kikundi cha wavuvi au kamati ya maji ya kijiji. Wenye rai hiyo wanasema: tuandike idadi ya wanachama, viingilio, mapato, adhabu na zamu za uongozi, tuiachie mashine iendeshe miaka ishirini kwa dakika chache, tuone kama chombo kitasimama au kitaanguka, halafu ndipo twende kwa wananchi na muundo uliokwisha pimwa. Kazi hii ya kuiga hali halisi kwa hesabu ndiyo inayoitwa uigizaji wa kompyuta.

Rai hii haifai kupuuzwa, wala haifai kupokewa kama ufunuo. Inagusa jambo lililo katika kiini cha itikadi yetu, yaani nani mwenye haki ya kuunda chombo cha umma, na kwa njia gani. Makala haya yanakusudia kuihakiki. Ili tusibaki hewani tutaipeleka mahali maalumu, yaani pwani ya Mbegani wilayani Bagamoyo, na tutaipima kwa chombo maalumu, yaani kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi kinachojulikana kwa kifupi kama BMU.

Tumeichagua Mbegani kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa elimu ya uvuvi. Kwa miaka mingi, kwa msaada wa Norwe, kituo cha Mbegani kimefundisha vijana wetu uvuvi, uundaji wa mashua, ufundi wa injini na uhifadhi wa samaki, na leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Pili, Mbegani ni mahali palipoonja uzito wa michoro mikubwa. Mwaka 2013 yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari ya Bagamoyo katika eneo hilo; Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi; mwaka 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti ya mwekezaji hayakubaliki. Katika muda wote huo wananchi wa Pande na Mlingotini walijifunza jambo moja: kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya mchoro wa wengine kabla hajaulizwa neno lolote.

MASHINE HUJIBU SWALI ILILOULIZWA

Hatuna budi kuanza na asili ya chombo chenyewe. Uigizaji wa vyombo vya kijamii kwa njia ya kompyuta ulikuzwa sana katika Marekani kuanzia miaka ya 1950, hasa na Jay Forrester wa chuo cha MIT. Alianza na viwanda: ghala, oda, mshahara, na jinsi kuchelewa kwa habari kunavyoyumbisha uzalishaji. Baadaye akaingia katika miji, na mwisho katika dunia nzima. Mwaka 1972 wanafunzi na wenzake walitoa kitabu The Limits to Growth, ambacho kwa kutumia uigizaji kilionya kwamba dunia ikiendelea kuongeza watu na viwanda kama ilivyokuwa ikifanya, ingefikia mpaka wake na kuporomoka katika karne inayofuata.

Onyo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, maana ardhi na bahari vina mipaka. Lakini angalieni walivyojibu wataalamu wa nchi zinazoendelea. Kikundi cha taasisi ya Bariloche nchini Argentina, kikiongozwa na Amílcar Herrera, kilitengeneza uigizaji wake na kuutangaza mwaka 1976. Hawa walikataa kuanza na dunia kama ilivyogawanywa na wenye nguvu. Badala ya kuuliza uzalishaji utakua mpaka lini, waliuliza itachukua muda gani kila binadamu kupata chakula, nyumba, elimu na afya. Na kipimo walichoitaka mashine ikiongeze kilikuwa umri ambao mtoto anayezaliwa anatarajiwa kuishi. Jibu lao likatoka tofauti. Kikwazo kikubwa, walisema, hakiko katika upungufu wa mali ya dunia. Kiko katika mgawanyo wa madaraka na mali kati ya mataifa na ndani ya kila taifa.

Wote wawili walitumia kompyuta. Wote wawili walitumia hesabu halali. Kilichotofautiana ni shabaha waliyoipa mashine na mambo waliyoyachukua kama yasiyobadilika. Hili ndilo somo la kwanza kwa kada: uigizaji hauchagui shabaha. Mtu huichagua, na mtu huyo ana tabaka lake, elimu yake na mwajiri wake. Anayesema kwamba kompyuta haina upande anasema kweli kuhusu nyaya zake, na anasahau mkono ulioandika maagizo.

MCHEZO WA SAMAKI MBELE YA DIKO LA MBEGANI

Dennis Meadows, mmoja wa waandishi wa kitabu kile cha 1972, alikuja kutengeneza mchezo wa kufundishia uitwao Fishbanks, ambao umechezwa katika vyuo vingi duniani. Tunauhakiki hapa kwa sababu unahusu uvuvi, na kwa sababu ni mfano mzuri wa aina yake. Wachezaji hugawanywa katika makampuni ya uvuvi. Kila mwaka wa mchezo kampuni huamua kununua meli au kuuza, kuzipeleka bahari kuu, kuzipeleka karibu na pwani, au kuziacha bandarini. Kompyuta hupiga hesabu ya samaki waliopo, wanaozaliwa na waliovuliwa. Mshindi ni kampuni yenye mali nyingi mwishoni. Mara nyingi wachezaji hununua meli kwa pupa, samaki huisha, na wote hufilisika. Hapo mwalimu huwauliza kwa nini.

Mchezo huu una faida, na tusione haya kuitaja. Unamfundisha kijana katika saa chache jambo ambalo bahari humfundisha baba yake katika miaka thelathini: kwamba upungufu wa samaki huonekana wakati meli zimekwisha nunuliwa na madeni yamekwisha ingia. Wachezaji pia wanaruhusiwa kuzungumza na kupatana. Lakini sasa tuuchukue mchezo huu mpaka diko la Mbegani, tuulize unafanana na nini.

Kwanza, katika mchezo kuna kampuni na meli, basi. Mwenye uamuzi na mwenye chombo ni mtu mmoja. Katika diko letu hali si hiyo. Yuko tajiri mwenye mashua, injini na nyavu, ambaye huenda haishi hata Bagamoyo. Yuko nahodha. Wako wavuvi wanaokwenda baharini kwa nguvu zao, bila kumiliki hata kamba ya nanga. Chombo kikirudi, hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu. Kisha kuna fungu la mashua, fungu la injini na fungu la nyavu. Kinachobaki ndicho wanachogawana wavuvi. Mgawo hutofautiana diko kwa diko, lakini kanuni yake ni ile ile: mali iliyolala pwani hupata fungu kabla ya mtu aliyekesha majini. Uigizaji unaomwita kila mmoja wa hawa "mvuvi" umekwisha futa swali la tabaka kabla hesabu haijaanza. Ukitoka humo na pendekezo la kupunguza siku za kuvua, hautaonyesha ni nani atakayelala njaa siku hizo.

Pili, mchezo hauna pwani. Samaki akivuliwa amekuwa fedha. Diko letu lina mnada na dalali, lina wachuuzi wa baiskeli na pikipiki, lina akina mama wanaokaanga samaki, lina fundi wa mashua na mshona nyavu. Kanuni zetu za BMU zinataka wadau kama hawa wawemo, na ni jambo jema. Lakini mama anayenunua samaki kwa mkopo alfajiri na kulipa jioni ana maslahi tofauti na dalali anayemkopesha. Wakiketi kwenye kamati moja, mdaiwa atapiga kura mbele ya anayemdai. Uigizaji hauna mahali pa kuandika hofu hiyo.

Tatu, mchezo unadhani wavuvi wamekaa mahali pamoja. Wavuvi wetu huenda dago. Upepo wa kusi ukishika, na ukigeuka kuwa kaskazi, watu huhama na vyombo vyao, wakapiga kambi katika pwani ya wengine kwa wiki na miezi. Kuna usiku wa giza unaofaa dagaa kwa taa, na kuna mbalamwezi wanapopumzika. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Basi ni nani mwanachama wa kikundi cha Mbegani mwezi Januari, na ni nani mwezi Julai? Mgeni wa dago analipa ushuru wa diko lakini hapigi kura. Mwenyeji amesafiri lakini jina lake liko kwenye daftari. Muundo uliopimwa kwa idadi moja ya wanachama mwaka mzima umepima kijiji ambacho hakipo.

Nne, na hili ni zito, mchezo unadhani walioumaliza samaki ndio waliokaa mezani. Pwani ya Bagamoyo mpaka Saadani ilikuwa moja ya sehemu za meli za kukokota nyavu za kamba. Kwa miaka mingi wavuvi wadogo walilalamika kwamba meli hizo huharibu nyavu zao na kumwaga samaki wadogo wasiotakiwa na soko la nje. Ilipofika mwaka 2008 meli hizo zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu kamba walikuwa wamepungua mno. Uigizaji unaowaonyesha wenye ngalawa kama watu wenye pupa wanaohitaji kudhibitiwa, bila kuiandika meli ile katika hesabu, unamhukumu aliyeibiwa.

Hatusemi kwamba wavuvi wadogo hawana makosa. Baruti ilitumika katika bahari yetu kwa miongo mingi ingawa imekatazwa tangu mwaka 1970, na waliopiga baruti walikuwa wana wa vijiji vyetu. Juya lenye matundu madogo huvuta mpaka mayai. Tunachosema ni kwamba makosa hayo yana wenye kuyafadhili, wenye kununua na wenye kunyamazia. Na anayetaka kuunda chombo cha kuyazuia lazima aujue mnyororo wote.

MICHORO YETU WENYEWE

Ingekuwa unafiki kuwahakiki watengenezaji wa michezo ya kompyuta na kujisahau sisi wenyewe. Nchi yetu imewahi kuunda vyombo kwa mchoro, na mashine haikuwa na lawama yoyote.

Mwaka 1972 tulianzisha Madaraka Mikoani. Shabaha ilikuwa njema: kuwapelekea wananchi uwezo wa kuamua. Muundo wake, hata hivyo, ulisaidiwa na kampuni ya washauri ya Marekani, McKinsey, iliyozoea kupanga ofisi za makampuni makubwa. Mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na wananchi yakavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, kwa hoja kwamba kijiji kitakuwa ndicho chama cha ushirika. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa: kijiji kimoja, uongozi mmoja, mlolongo mmoja wa maagizo na taarifa. Mwaka 1982 ilibidi zipitishwe sheria za kurudisha serikali za mitaa na ushirika, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvivunja vyombo vile viwili lilikuwa kosa.

Hapa watetezi wa uigizaji wana hoja yenye nguvu, na ni haki tuieleze. Wanasema: kama mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, mngekuwa na uigizaji, mngeona mapema kwamba familia mia kadhaa zikikusanywa mahali pamoja mashamba yatakuwa mbali, kuni zitaisha na maji hayatatosha. Kosa la ndani ya kompyuta halimuui mtu. Kosa la operesheni linaua mazao.

Ni kweli. Lakini umbali wa shamba ulijulikana na kila mkulima aliyeamriwa kuhama, naye hakuhitaji kompyuta kuujua. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kataza ubwana katika uongozi na kutaka wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mipango yao. Kwa hiyo mafunzo yalikuwepo na habari zilikuwepo. Kilichokosekana ni ofisa aliyekuwa tayari kusikiliza habari iliyopingana na lengo alilopewa. Ofisa wa namna hiyo akipewa kompyuta leo, ataiandikia umbali anaoutaka mkuu wake.

Historia ya kompyuta nchini mwetu inathibitisha jambo hili kutoka upande wa pili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipovurugika, mashine ikabeba lawama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini tulikwisha poteza miaka ya kuwafundisha vijana wetu. Kuilaumu mashine kwa udhaifu wa utaratibu, na kuitegemea mashine itibu udhaifu wa utaratibu, ni kosa moja lenye sura mbili.

Hata leo tunaona vyombo vya karatasi. Utaratibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni utaratibu wa haki. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana, na mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo kwa muda ili kuupanga upya utaratibu. Kikundi hewa kina katiba, kina mwenyekiti, kina mhuri. Katika uigizaji wowote kingefaulu. Na sasa mashine za akili bandia zinaweza kumwandikia mtu katiba ya kikundi kwa dakika moja; hatari imeongezeka, maana zamani angalau watu kumi walilazimika kuketi chini ya mwembe na kubishana juu ya kiingilio.

CHILE NA NEWFOUNDLAND

Mifano miwili ya nje inatusaidia kuliona jambo hili kwa upana.

Chile, chini ya Rais Salvador Allende, ilijaribu kutumia kompyuta kwa ajili ya ujamaa. Kuanzia mwaka 1971 serikali yake ilimwalika Mwingereza Stafford Beer asaidie kuunganisha viwanda vilivyotaifishwa. Mradi huo, uliojulikana kama Cybersyn, ulikuwa na mtandao wa teleksi, na ulikusudia pia kuwa na uigizaji wa uchumi wa nchi nzima. Oktoba 1972 wenye malori waligoma ili kuiangusha serikali. Kilichoisaidia serikali siku zile kilikuwa teleksi: watu wa viwandani na maofisa waliarifiana ni barabara ipi imefungwa, ni wapi kuna shehena na ni malori gani machache bado yanatembea. Uigizaji wa uchumi ulikuwa haujakamilika. Na hata katika mradi ule wenye nia njema, vielelezo vya viwanda vilitengenezwa zaidi na wahandisi kwa kuzungumza na mameneja kuliko na wafanyakazi waliosimama kwenye mashine. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yalipindua serikali, na mradi ukafa. Katika ile hesabu ya viwanda, jeshi na ubeberu havikuwemo.

Mfano wa pili ni wa bahari. Katika pwani ya Newfoundland, nchini Kanada, wataalamu walikadiria wingi wa samaki aina ya kodi kwa hesabu zilizotegemea sana takwimu za meli kubwa za bahari kuu. Meli hizo, kwa kuwa zilikuwa na vyombo vya kuwatafuta samaki popote walipojikusanya, ziliendelea kupata samaki hata walipokuwa wanapungua. Wavuvi wadogo wa karibu na pwani walilalamika katika miaka ya 1980 kwamba samaki hawaji tena. Hesabu ilisema wapo. Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Hapa palikuwa na nchi tajiri, wataalamu hodari na kompyuta za kutosha. Kilichodharauliwa ni ushahidi wa mtu mwenye mashua ndogo, kwa sababu haukuja kwa sura ya jedwali.

MATUMIZI YANAYOFAA

Je, tuache uigizaji kabisa? Hapana. Mwenye kukataa chombo kwa kuwa adui anakitumia atabaki mikono mitupu. Swali ni jinsi ya kukitumia.

Upo mfano wa Afrika unaostahili kusomwa na makada. Karibu na mwaka 2000, katika delta ya mto Senegal, ambako wakulima na wafugaji waligombea maji na ardhi, mtafiti Mfaransa Patrick d'Aquino na wenzake walianza kazi kwa kinyume cha kawaida. Hawakuja na uigizaji uliokamilika. Wanavijiji wenyewe walieleza aina za ardhi na mahitaji ya kila kazi, wakatengeneza mchezo wao wa kuigiza matumizi ya ardhi juu ya ramani, wakaucheza na kubishana. Baada ya hapo ndipo kompyuta ilipoingizwa, ikarudia kanuni zile zile walizoziandika, ili waone matokeo yake kwa muda mrefu. Wakiona kanuni fulani haifanani na maisha yao, waliibadilisha. Hapo mashine ilikuwa mwandishi wa kikao. Haikuwa mwenyekiti.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne yazingatiwe na kada yeyote atakayeshiriki kuunda chombo kipya, pale Mbegani au penginepo.

(a) Shabaha ijadiliwe kwanza. Kabla ya namba yoyote kuandikwa, mkutano wa diko uamue chombo kinataka kuongeza nini: tani za samaki, mapato ya ushuru, au siku ambazo kila kaya imepata kitoweo na fedha ya shule. Kila shabaha italeta muundo tofauti, kama tulivyoona kwa watu wa Bariloche.

(b) Matabaka yaandikwe wazi. Mwenye chombo, nahodha, mvuvi asiye na chombo, mama mkaangaji, dalali na mgeni wa dago wahesabiwe mbalimbali. Kila kanuni inayopendekezwa iulizwe: nani atalipa, na nani atafaidi?

(c) Dhana zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wanaohusika. Mtaalamu asiyeweza kumweleza mvuvi jambo aliloliandika katika kompyuta yake hajalielewa bado, au analificha. Na mvuvi akisema "hapa si hivyo", neno lake liandikwe na hesabu ipigwe upya.

(d) Jibu la mashine liwe mwanzo wa mjadala. Lisitumiwe kamwe kufunga mjadala. Likipingana na wananchi, pande zote mbili zichunguzwe. Wananchi nao hukosea. Mazoea ya zamani si ushahidi wa kutosha, na mwenye juya atakuwa na sababu nyingi za kutetea juya. Uigizaji mzuri humpa mvuvi kijana asiye na chombo nafasi ya kumwonyesha tajiri kwa hesabu jambo ambalo asingethubutu kulisema kwa mdomo. Faida hiyo peke yake inatosha kutufanya tujifunze.

Kuna jambo la tano ambalo si la mashine. Sisi tunaofundisha makada tumezoea kuchora ubaoni shina, tawi, kata, wilaya, mkoa na taifa, kwa mishale inayopanda na kushuka. Mchoro huo ni wa lazima. Lakini haujawahi kuonyesha nani anaogopa kusema mbele ya nani. Kada anayemaliza mafunzo akijua mishale tu ataamini kwamba taarifa hupanda kama ilivyochorwa. Tunapaswa kumfundisha aketi dikoni wakati wa mnada, ahesabu mafungu, amsikilize mkaangaji akipewa bei, kabla hajafungua daftari lake.

HITIMISHO

Mafundi wa mashua wa pwani yetu wameunda vyombo kwa vizazi vingi bila ramani ya karatasi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupiga mbao kwa kupima na macho, kisha hutia kalafati. Vijana wa Mbegani walijifunza pia kusoma mchoro wa mashua, na mchoro umewafaa. Mbao hupotea kidogo na mashua mbili zinaweza kufanana. Lakini fundi wa aina zote mbili hushusha chombo majini akiwa na watu watakaokipanda, na anajua kwamba penye upenyo maji yataonyesha.

Chombo cha umma nacho kina maji yake. Maji hayo ni siku ya kwanza ambayo kikundi kitamkamata ndugu wa mwenyekiti na juya haramu. Ni siku ambayo ushuru umekusanywa na mafuta ya doria hayajanunuliwa. Ni siku ambayo mwekezaji amefika na ramani na kuuliza nani msemaji wa hapa. Siku hizo haziigiziki zote. Wanaoziweza ni wanachama waliozoea kukiona chombo ni chao kwa sababu walibishana juu ya kila ubao wake.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Vijana wetu wajifunze uigizaji, na wajifunze kwa bidii kuliko wale wanaotuuzia. Vyuo vyetu, pamoja na kile cha Mbegani, viwe na watu wanaoweza kuandika hesabu za bahari yetu wenyewe, zenye kusi na kaskazi, zenye dago na mgawo wa mafungu. Lakini kanuni za mchezo ziandikwe na wale watakaouishi. Kada anayepeleka dikoni muundo uliokwisha pimwa, akiwataka wavuvi waupigie makofi, amewapelekea amri iliyovaa nguo mpya. Kada anayepeleka maswali, karatasi tupu na uvumilivu wa kukaa mpaka mgeni wa dago naye aseme, huyo anafanya kazi ya Chama.